Rironi–Mau Summit: Tunabishania Bei ya Tozo, Tunasahau Geti

Tangu Rais William Ruto azindue ujenzi wa barabara ya Rironi–Mau Summit mwishoni mwa Novemba 2025, namba moja imeteka mazungumzo yote: shilingi 8. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia cha tozo kilichotangazwa kwa kila kilomita. Zidisha kwa kilomita 175 za barabara kuu, unapata shilingi 1,400, na hapo ubishi unaanza na hapohapo unaishia. Kuna anayesema si pesa nyingi, ni nyama choma ya watu wawili pale Kikopey na soda juu. Kuna anayesema ni wizi wa mchana. Wote wawili wanapiga hesabu ya msafiri, yaani mtu anayetoka Nairobi kwenda Eldoret mara tatu kwa mwaka: Krismasi, Pasaka na msiba ukitokea. Msafiri huyo atalipa, atanung'unika, atafika. Anayestahili kuangaliwa zaidi ni yule asiyesafiri, anayeishi Kinungi, Gilgil, Mbaruk au Salgaa, ambaye barabara kuu kwake ndiyo njia ya sokoni, ya hospitali na ya shule. Kwa mtu huyo, shilingi ngapi kwa kilomita ni swali la pili. La kwanza ni geti litakaa wapi, na njia isiyolipiwa itaachwa katika hali gani. Hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama barabara hii itakuwa jirani mwema au ukuta, na ndiyo ambayo karibu hakuna anayeyauliza.

Turudi nyuma kidogo. Hii ni barabara ileile inayoanzia bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi na Nakuru hadi mpaka wa Malaba, ikibeba mizigo ya Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Kutoka Rironi kwenda magharibi imebaki kwa sehemu kubwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na yeyote aliyewahi kukwama nyuma ya trela pale Kinungi jioni ya Jumapili hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2020, enzi za Uhuru Kenyatta, Kenya ilitia saini mkataba wa kuipanua na kampuni za Ufaransa zikiongozwa na Vinci. Serikali iliyofuata ikauvunja. Kazi sasa imegawanywa vipande viwili: kimoja ni cha kampuni ya ujenzi ya CRBC ya Uchina ikishirikiana na NSSF, mfuko wa pensheni za wafanyakazi wa Kenya, kingine ni cha kampuni ya Shandong Hi-Speed, nayo ya Uchina. Ukijumlisha kilomita 58 za Rironi–Maai Mahiu–Naivasha, mradi mzima ni kilomita 233, gharama yake inakaribia shilingi bilioni 170, na lengo ni kuumaliza 2027. Wenye mtaji watarudisha pesa zao kwa kukusanya tozo kwa karibu miongo mitatu.

Wala tozo si ngeni kwetu. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 Kenya ilikuwa na vituo vya kulipia kwenye barabara kuu kadhaa. Vilifungwa, na nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa matengenezo ya barabara unaokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Hadi leo kuna vituo vya matatu vinavyoitwa "Toll", na makanga anayeita jina hilo kutwa nzima huenda hajui linatoka wapi. Tofauti ya zamani na sasa ni kwamba zamani serikali ndiyo iliyokuwa ikikusanya na ingeweza kuacha ikitaka. Safari hii kuna mkataba.

Hoja ya wanaotaka barabara hii ijengwe ina uzito, na mwanaharakati anayeipuuza anajirahisishia kazi. Barabara iliyopo inaua. Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, eneo hilohilo la Salgaa, na watu 36 wakafa. Wengi wa waliokufa Sachangwan walikuwa wakazi wa hapo, si wasafiri. Kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka kwenye mteremko ule wa Sachangwan na Salgaa kutaokoa maisha ya majirani kabla ya mtu mwingine yeyote. Halafu kuna viazi na kabichi za Nyandarua zinazonyauka kwenye msongamano, na kuna swali la hazina: pesa zitoke wapi? Nchi imeshakopa hadi shingoni. Anayesema "jengeni kwa kodi" anapaswa kutaja kodi gani.

Upande wa pili, kilio kikubwa ni kwamba tunatozwa mara mbili. Hicho ni nusu ya ukweli. Ushuru wa mafuta ulipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na shilingi 7 kati ya hizo zimeshawekwa rehani ili kupata pesa za kulipa madeni ya wakandarasi. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita linalipa, kupitia pampu, shilingi 2.50 kwa kila kilomita linayotembea, popote nchini, hata kwenye barabara ya vumbi. Ongeza 8 na unafika 10.50. Kwa hiyo ni kweli dereva atalipa kwa mikono miwili. Lakini ushuru wa mafuta uliwekwa kutunza barabara zilizopo, na hata huko hautoshi. Haukuwekwa kujenga njia nne au sita kuvuka Bonde la Ufa. Mwenye kutaka kushinda ubishi huu kwa hoja ya "tumeshalipa" pekee ataulizwa risiti, na risiti yake inasema matengenezo.

Sasa chukua hesabu ya jirani. Kutoka Gilgil hadi Nakuru ni kama kilomita 40. Kwa shilingi 8, kwenda ni 320, kurudi 320. Mwenye Probox anayepeleka maziwa au kabeji Nakuru siku 24 kwa mwezi atatoa 15,360. Mjomba wake anayekuja kutoka Nairobi kumtembelea mara moja kwa mwezi, akipita kilomita nyingi zaidi kwa safari moja, hatafika hata robo ya hapo. Matatu ya abiria 14, hata tukichukulia inatozwa kiwango kilekile cha gari dogo, itawagawia abiria wake kama shilingi 23 kila mmoja kwa safari, na nyote mnajua makanga hajui ishirini na tatu. Anajua thelathini, na siku ya mvua anajua hamsini. Hapa ndipo bei kwa kilomita inapodanganya. Inaonekana sawa kwa wote kwa sababu imepimwa kwa urefu wa lami. Mzigo wenyewe unapimwa kwa idadi ya mara mtu anapita, na anayepita mara nyingi zaidi ni yule ambaye barabara ilimkuta akiishi hapo.

Jibu linalotolewa haraka dhidi ya hesabu hiyo ndilo dhaifu kuliko yote niliyosikia: asiyetaka kulipa asipite. Linatamkwa kana kwamba barabara ni hoteli. Kwa Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya jijini, lilikuwa na mantiki fulani, kwa sababu ile ni barabara mpya iliyojengwa kwa sehemu juu ya nguzo, na Barabara ya Mombasa ikabaki chini. Rironi–Mau Summit ni habari nyingine. Hapa kinachowekewa tozo ni barabara ileile ya zamani, iliyopanuliwa. Mji wa Gilgil ulikua ukiielekea, Salgaa imezaliwa nayo. Kati ya Naivasha na Nakuru, njia ya gari la mizigo ni hiyohiyo. Kumwambia mtu wa Mbaruk asipite ni kumwambia ahame.

Wenzetu wa Dar es Salaam wanaijua hadithi hii kwa miaka kumi. Daraja la Nyerere linalounganisha Kurasini na Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, mita 680 za nguzo na nyaya juu ya mkono wa bahari, fedha zikiwa asilimia 60 za NSSF ya Tanzania na asilimia 40 za serikali. Kabla yake mkazi wa Kigamboni alikuwa na pantoni ya Magogoni, shilingi 200 za Tanzania kwa mtu anayetembea, pamoja na foleni yake na siku zake za kuharibika. Au azunguke nchi kavu kupitia Kongowe na Mbagala. Daraja likaja na tozo: pikipiki 600, bajaji 1,500. Hakuna aliyebisha kwamba daraja ni zuri. Kilichobishaniwa ni kwamba mtu anayeishi Kibada na kufanya kazi Kariakoo amekuwa akilipa kiingilio kwenda kwenye mji wake mwenyewe. Marehemu Faustine Ndugulile, aliyekuwa mbunge wao, aliisemea tozo hiyo bungeni tena na tena. Mwaka 2022 serikali ikashusha: pikipiki 300, bajaji 500.

Nilipanda bodaboda pale upande wa Kigamboni kabla ya punguzo hilo. Tulipatana nauli, nikakaa, kijana akageuza shingo: "Na ya daraja juu yako, kaka." Kwenye karatasi za serikali tozo ilikuwa inalipwa na chombo cha usafiri. Pale kijiweni ilikuwa inalipwa na aliyekaa nyuma, na kama mimi ningekuwa mama mwenye ndoo ya samaki, ingelipwa na anayenunua samaki. Mchumi ataniambia hilo linafahamika tangu zamani. Basi kama linafahamika, mbona kila mradi unatangazwa kwa lugha ya "wenye magari"?

Kuna jambo jingine Dar linatufunza, nalo huwa halisemwi. Machi 2022 jiji hilohilo lilifungua Daraja la Tanzanite, zaidi kidogo ya kilomita moja baharini, kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan hadi Coco Beach. Halina geti. Ukitoka Masaki au Oysterbay unapita bure. Ukitoka Kigamboni unalipa. Sidhani kuna mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba matajiri wasilipe. Tanzanite lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini ambao serikali itaulipa kwa kodi ya nchi nzima, wakati lile la Kigamboni lilijengwa kwa akiba za wafanyakazi ambazo lazima zirudi na faida. Lakini matokeo ndiyo hayo. Nani alipe na nani asilipe havikuamuliwa kwa kipato wala kwa kiasi cha matumizi. Viliamuliwa na mfuko uliofunguliwa siku ya kusaini, na anwani ya mtu ikawa bahati yake. Kenya inarudia jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi: Thika Road, njia nane, zilizokamilika 2012, hazilipiwi, na mkulima wa Kinungi anayelipa kodi zilezile amepangiwa geti.

Kwa nini njia ya bure ni muhimu kiasi hiki? Tazama Barabara ya Mombasa, chini ya Expressway. Barabara ya juu, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa majaribio Mei 2022, na ni kweli imemfanya mwenye haraka kwenda uwanja wa ndege apumue. (Mlolongo, nikumbushe, ni mji uliopewa jina na foleni ya malori kwenye mizani. Huko ndiko barabara ya kukwepa foleni inakoanzia.) Bodaboda, tuktuk, mkokoteni na mwenda kwa miguu hawaruhusiwi kupanda huko. Wao walibaki chini, ambako nguzo zilikula katikati ya barabara, na kwa miezi mingi watu wakawa wanavuka kwa kukimbia pale ambapo zamani palikuwa na daraja la miguu. Ukisimama stendi ya General Motors saa kumi na mbili jioni unaona picha kamili: juu, gari moja moja zikiteleza; chini, mama ameshika mtoto mkono, ameshika na mfuko wa sukumawiki, anangoja lori lipunguze mwendo ili avuke njia nne. Waliopanga mradi walihesabu muda utakaookolewa na aliye juu. Dakika alizoongezewa huyu mama hazikuwa na safu kwenye jedwali.

Njia ya bure huharibika kwa namna nyingine ambayo Ujerumani waliijua kwa gharama. Januari 2005 walianza kuyatoza malori makubwa kwenye autobahn zao. Madereva, ambao duniani kote wana akili moja, wakashuka kwenye barabara za kawaida zinazokatiza miji midogo na vijiji. Watu waliokuwa wakilala kwa utulivu wakaanza kuamshwa na matrela. Miaka miwili baadaye serikali ikaanza kuzitoza baadhi ya barabara hizo nazo, na Julai 2018 ikazitoza barabara zote za shirikisho. Huko wana polisi, kamera na pesa za kukarabati. Sasa fikiria dereva wa lori la Malaba anayelipwa posho ya safari mkononi na tajiri wake. Kila shilingi asiyoilipa getini ni yake. Kutoka Nakuru kuna lami inayopita Njoro na Molo hadi Mau Summit, barabara ya wakulima wa viazi na pareto, inayopita mbele ya shule na vituo vya afya. Haikujengwa kubeba tani hamsini usiku kucha. Malori yakigundua kona hiyo, na yataigundua wiki ya kwanza, watu wa Njoro na Molo watapata hasara ya barabara ya kulipia bila kuwahi kupita kwenye geti lake.

Kuna biashara ya kando ya barabara pia, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Napenda Kikopey kama mtu mwingine yeyote. Napenda Soko Mjinga na magunia yake ya karoti, na wale vijana wa ukingo wa Bonde la Ufa wanaotundika ngozi za kondoo kwenye uzio kama nguo zilizofuliwa. Lakini kusimamisha basi ghafla kwenye kona ili abiria anunue mahindi ya kuchoma ni njia mojawapo ya kufa, na barabara ya kisasa haiwezi kuliruhusu. Biashara hizo zitaguswa hata kama tozo ingekuwa senti moja, kwa sababu barabara ya namna hii ina uzio na sehemu maalumu za kutokea. Salgaa itaumia zaidi. Mji ule unaishi kwa malori yanayolala: vyumba, chapati, mafundi wa matairi, maduka ya simu, na mambo mengine ambayo mchungaji wa pale angependa yasiwepo. Swali la maana ni nani atamiliki vibanda vya vituo vya mapumziko vitakavyochukua nafasi yake. Vikipewa mwekezaji mmoja mwenye mnyororo wa migahawa, pesa iliyokuwa inabaki Salgaa itapita Salgaa kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa. Hilo ni jambo la kipengele kwenye mkataba, na vipengele vya aina hiyo huandikwa mapema au haviandikwi kabisa.

Wapo wanaoamini wananchi wakikataa kulipa, mambo yatajirekebisha yenyewe. Wanatoa mfano wa Gauteng, Afrika Kusini, ambako tozo za kielektroniki zilianza Desemba 2013 na kuzimwa Aprili 2024 baada ya miaka kumi ya watu kugoma kulipa. Ushindi ule ulikuwa wa kweli, ila deni halikuyeyuka. Liligawanywa: asilimia 30 kwa serikali ya jimbo, 70 kwa serikali kuu, maana yake kwa walipa kodi wote, wakiwemo wasio na gari. Tena mitambo ya Gauteng ilikuwa kamera juu ya barabara. Ulipita, bili ikakufuata nyumbani, ukaichana. Geti lenye fito huwezi kuligomea ukiwa umebeba mgonjwa. Kitu cha Afrika Kusini ninachoona kinafaa kuigwa hakipigiwi kelele: kwenye baadhi ya mageti yao, wakazi wa eneo husika wanasajiliwa na kupata punguzo. Hakuna mapinduzi hapo. Ni daftari tu la namba za magari, na kukubali kwamba anayevuka kwenda kazini na anayevuka kwenda likizo si mteja mmoja.

Lakini je, nani atakayeweza kutoa punguzo hilo baada ya 2027? Kigamboni lilitolewa baada ya miaka sita ya malalamiko, na liliwezekana kwa sababu pande zote za meza zilikuwa za serikali: NSSF, wizara, Bunge. Waziri alitamka, bei ikashuka. Expressway ya Nairobi ilikwenda njia tofauti. Januari 2024 tozo ya gari dogo kwa safari nzima ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500, na sababu iliyotolewa ilikuwa kushuka kwa thamani ya shilingi, kwa kuwa mwekezaji anahesabu kwa dola. Mkenya alipandishiwa nauli ya kwenda Westlands na soko la fedha. Mkataba ndivyo ulivyosema, na mkataba haukuwa na kifungu cha huruma.

Rironi–Mau Summit imekaa katikati ya mifano hiyo miwili, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi na matumaini kwa pamoja. NSSF imo. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha anakatwa mchango wa uzeeni kila mwezi, mchango unaingia kwenye barabara, na barabara inamtoza akienda kumwona mama yake Gilgil. Mtu anaweza kusema anajilipa mwenyewe. Kwa upande mwingine, kila atakayepigania bei ishuke kwa majirani ataambiwa anaiba pensheni ya wastaafu, na jibu hilo litakuwa na ukweli ndani yake, jambo linalolifanya liwe gumu kulishinda. Kigamboni mgongano huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza, ukafunikwa na sherehe za ufunguzi. Kupunguza tozo kulikuwa haki kwa wakazi, na kulikuwa pia pesa iliyochelewa kurudi kwa wanachama. Hakuna namna ya kufurahisha pande zote baada ya daraja kukamilika. Kuna namna ya kugawana mzigo kabla: serikali kutaja wazi kwenye bajeti kiasi itakachofidia kwa ajili ya safari fupi za wakazi, ili punguzo lisitoke mfukoni mwa mstaafu wala lisimtegemee waziri aliyeamka vizuri.

Kwa hiyo, mikutano ya kukusanya maoni inapofika kwenye ukumbi wa kanisa au uwanja wa chifu, ningependa kuona watu wakiacha kupoteza saa nzima kwenye shilingi 8 iwe 6 au 5. Waombe michoro. Michoro inaonyesha kama geti limewekwa kati ya mji na hospitali yake au nje ya mji. Inaonyesha kama barabara ya pembeni isiyolipiwa inaendelea bila kukatika kutoka Gilgil hadi Mbaruk, au inaishia kwenye mtaro baada ya kilomita tatu. Inaonyesha madaraja ya miguu ni mangapi na yako mbali kiasi gani na malango ya shule, maana mtoto wa darasa la pili hatatembea kilomita moja na nusu kwenda kuvuka wakati uzio una tundu mbele ya nyumbani kwao. Waulize pia ni lipi litakamilika kwanza. Nairobi barabara ya juu ilianza kukusanya pesa wakati ya chini bado ina mashimo. Hapa inawezekana kuandika kwamba hakuna fito itakayoshushwa mpaka vivuko na barabara za pembeni za kipande hicho ziwe zimekabidhiwa. Mwenye mtaji hatapenda, kwa sababu kila mwezi bila tozo ni hasara kwake. Lakini ni mwaka huu tu ambapo yeye anahitaji kitu kutoka kwetu, na kitu hicho ni ardhi na utulivu wa watu walioko kando yake.

Tingatinga zimeshaanza kazi. Mahali pa makutano bado panaweza kusogezwa kwa penseli; baada ya zege kumwagwa, kusogeza mita mia mbili itakuwa fidia ya mabilioni na kesi ya usuluhishi ng'ambo. Mtoto aliyeanza chekechea Kinungi mwezi uliopita atakuwa mzazi wakati mkataba unaisha. Kama geti litakuwa kati ya nyumba yake na sokoni, atalipita akiwa amebebwa mgongoni, atalipita akienda sekondari, atalipita akipeleka karoti Naivasha, na kila mara fito itashuka nyuma yake.